Kabla ya Kubofya Chapa



Mwaka 2017, nchini Pakistan, fonti ilifika mahakamani. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa ikichunguza mali za familia ya Nawaz Sharif, waziri mkuu wa wakati huo. Kati ya nyaraka zilizowasilishwa ilikuwamo hati ya binti yake, Maryam Nawaz, yenye tarehe ya mwezi Februari 2006. Mtaalamu wa nyaraka wa London aliichunguza akaona imeandikwa kwa fonti iitwayo Calibri. Fonti hiyo ilichorwa na Mholanzi Lucas de Groot, na watu wa kawaida hawakuipata hadi mwishoni mwa Januari 2007, ilipotoka pamoja na Office 2007. Basi mjadala ukawaka nchi nzima. Waliomtetea walisema matoleo ya majaribio ya Calibri yalikuwapo kabla ya hapo, na kweli yalikuwapo, ingawa mikononi mwa watu wachache. Sharif aliondolewa madarakani Julai 2017 kwa hoja nyingine, na Maryam, aliyetiwa hatiani mwaka 2018, aliachiwa na Mahakama Kuu ya Islamabad mwaka 2022. Lakini kwa majuma kadhaa watu ambao hawakuwahi kuifikiria fonti hata siku moja walikuwa wakiuliza: hivi fonti inazaliwa lini?

Swali hilo ni zuri, na ndilo linalonifanya nizungumze nanyi leo. Fonti ina mchoraji wake, ina mwaka wake, ina mwenyewe anayeimiliki, na ni faili linalokaa ndani ya kompyuta fulani. Haimo ndani ya waraka wako mpaka uiweke humo. Jambo hili moja, likieleweka, linamaliza nusu ya ugomvi unaotokea kila siku kwenye meza za steshenari, kuanzia Kariakoo hadi Kisumu.

Tuseme dada amemaliza chuo na anaandika CV kwenye kompyuta ya kaka yake. Amechagua fonti nzuri aliyoikuta humo, amepanga kila kitu kikae katika kurasa mbili, majina ya wadhamini yakae chini kabisa ya ukurasa wa pili. Anaiweka kwenye flashi, anakwenda nayo steshenari. Mhudumu anaifungua: kurasa zimekuwa tatu, jedwali limevunjika, na wadhamini wamehamia ukurasa wa tatu peke yao. Dada anaona mhudumu ameharibu kazi yake. Mhudumu anaona dada hajui kupanga. Nao wote wawili wanaonewa na kitu ambacho hakuna aliyewaeleza.

Faili la Word kwa kawaida hubeba jina la fonti tu. Likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, kompyuta hiyo hutafuta fonti yenye jina hilo. Ikiikosa, huchukua nyingine iliyonayo na kuendelea bila kukuuliza. Sasa kila fonti ina upana wake wa herufi. Hebu hesabu nami: ikiwa herufi za fonti ya pili ni pana zaidi kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita, mstari wenye herufi 80 utarefuka kwa milimita 8. Hapo neno la mwisho halina pa kukaa, linashuka mstari wa chini, nalo linasukuma jingine, na ukifika ukurasa wa pili aya nzima zimehama. Ndiyo maana kampuni ya Red Hat ilitoa fonti za Liberation mwaka 2007. Michoro yake ni mipya, lakini upana wa kila herufi umelinganishwa na Times New Roman, Arial na Courier New, ili anayetumia programu za bure afungue waraka wa mwenzake bila mistari kuhama. Kwa Calibri ipo iitwayo Carlito, iliyotengenezwa kwa nia hiyohiyo.

Dawa yenyewe ni PDF. Kampuni ya Adobe, iliyoanzishwa na John Warnock na Charles Geschke, iliutoa mfumo huu mwaka 1993 kwa kusudi hilihili: ukurasa ufike ulikotumwa jinsi ulivyoondoka. PDF hubeba fonti ndani yake, mara nyingi zile herufi tu ulizotumia. Hivyo ukimaliza kuandika, hifadhi nakala mbili, ile ya Word ya kurekebishia na ile ya PDF ya kuchapia, na steshenari upeleke ya pili. Ukitaka uhakika, fungua PDF yako, nenda kwenye sifa za faili, utaona orodha ya fonti na maelezo kama zimepachikwa. Na ukimtumia mhudumu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukipiga picha ya ukurasa na kuituma kama picha, programu itaibana ili iwe nyepesi, na herufi zako zitafika na ukungu kingoni.

Nimetaja herufi zenye ukungu, basi tuone fonti ina nini ndani yake. Zamani za Johannes Gutenberg, mjini Mainz, karne ya 15, fonti ilikuwa shehena ya vipande vya chuma, vya risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, kila kipande na herufi yake juu. Ukitaka herufi kubwa zaidi, unanunua shehena nyingine. Ukitaka nzito, nyingine tena. Fonti ya leo hubeba maelekezo ya kuchora: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Kwa kuwa ni maelekezo, herufi ileile inaweza kuchorwa kwenye kadi ya harusi au kwenye bango la ukutani, na kingo zake zikabaki safi. Faili zenye ncha ya TTF au OTF unazoziona kwenye kompyuta ndizo hizo. Apple walitoa mfumo wa TrueType mwaka 1991, Microsoft wakauingiza kwenye Windows 3.1 mwaka uliofuata, na hapo ndipo mtu wa kawaida alipoanza kuchagua herufi kama apendavyo.

Fonti huja kwa familia. Familia ina herufi za kawaida, nzito, za mlazo, na nzito za mlazo, na kila moja imechorwa kwa mkono wa mchoraji. Lakini fonti nyingi za bure mitandaoni zina mwanafamilia mmoja tu. Ukibofya alama ya herufi nzito, programu hainenepeshi kwa ustadi, inapaka tu wino pembeni mwa kila mstari wa herufi, na matundu ya a na e yanajaa. Kadi nyingi za mialiko zinaharibika hapo. Kabla hujaipenda fonti, tazama kama familia yake imekamilika.

Sasa ukubwa, jambo linalowachanganya hata wasomi. Ukubwa wa herufi hupimwa kwa pointi, na pointi moja ya kompyuta ni sehemu 1 ya 72 ya inchi, kama milimita 0.35. Pointi 12 basi ni sehemu 1 ya 6 ya inchi, milimita 4 na ushei. Chukua rula upime herufi ndogo a iliyochapwa kwa Times New Roman pointi 12. Hutaona milimita 4, utaona zisizofika 2. Pointi hupima kile kipande cha chuma ambacho zamani kilibeba herufi, na kompyuta imerithi kipimo hicho. Ni kama kiwanja: wawili wamegawiwa viwanja vinavyolingana, mmoja akajenga nyumba iliyokijaza karibu chote, mwingine akaacha ua mpana. Times New Roman iliagizwa na gazeti la The Times la London, Stanley Morison akiongoza na Victor Lardent akichora, na ilianza kutumika tarehe 3 Oktoba 1932. Ilihitajika ibane maneno mengi katika safu nyembamba ya gazeti, kwa hiyo ni nyembamba. Verdana ilichorwa na Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft na kutolewa mwaka 1996, isomeke kwenye skrini za enzi hizo zilizokuwa na nukta nene, kwa hiyo ni pana na matumbo yake ni makubwa. Zote ukiziandika kwa 12, Verdana itakula karatasi nyingi zaidi.

Hapo utaelewa kwa nini chuo hakisemi tu "pointi 12". Kinataja fonti, kinataja ukubwa, kinataja nafasi kati ya mistari, kwa sababu bila vyote vitatu kurasa 40 za huyu si kurasa 40 za yule. Ile nafasi mbili kati ya mistari nayo ina kazi: ndipo msimamizi anapoandika masahihisho yake kwa kalamu.

Vile vijiguu vidogo mwishoni mwa mistari ya herufi, unavyoviona katika Times, huitwa serifu. Arial na Calibri hazinavyo. Watu hubishana sana kuhusu ipi inasomeka vizuri zaidi, na kwa maoni yangu ubishi huo unatupotezea muda. Kinachomchosha msomaji kwanza ni herufi ndogo mno, mistari iliyobanana, na ukurasa mzima ulioandikwa kwa herufi kubwa tupu. Tangazo la mkutano wa kijiji lililoandikwa kwa herufi kubwa kutoka juu hadi chini husomeka polepole, maana maneno yote yana umbo moja la kisanduku. Hakuna mkia wa g wala mnara wa k wa kulishikia jicho. Andika kichwa kwa herufi kubwa ukipenda. Saa, mahali na ajenda ziandike kwa herufi za kawaida, pointi 14, na mzee aliyesimama mbele ya ubao wa matangazo ataondoka akiwa na habari kamili.

Kuna eneo moja ambalo sisi waandishi wa Kiswahili tunaumizwa zaidi ya wengine, nalo ni kusawazisha. Kusawazisha ni kuufanya mstari ufike kingo zote mbili, kushoto na kulia. Programu hufanya hivyo kwa kupanua nafasi kati ya maneno. Katika lugha yenye maneno mafupi mstari una nafasi nyingi za kugawana mzigo huo. Kiswahili kina maneno kama "hawakutuelewesha" na "tutakapowatembelea", ambayo matatu tu yanaweza kuujaza mstari wa safu nyembamba. Neno moja likishuka, mawili yaliyobaki yanavutwa mbali, na katikati ya safu inatokea mito ya weupe. Magazeti na vijarida vya shule vimejaa mito hiyo.

Tiba ni kukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kistari, na hapa lugha yetu imebarikiwa: silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo kata baada ya irabu na hutakosea. Wa-na-fu-nzi. Ki-ta-bu. Tatizo ni kwamba kompyuta nyingi zimewekwa Kiingereza cha Marekani, na kwa kanuni za Kiingereza neno "wanafunzi" linaweza kukatwa baada ya n, likabaki "zi" peke yake mstari wa chini. Mpangilio huohuo wa Kiingereza ndio unaokujazia mistari myekundu chini ya kila neno lako, hata yale yaliyo sahihi kabisa. Word na LibreOffice zote zina Kiswahili katika orodha ya lugha. Chagua maandishi yako yote, yaambie ni Kiswahili. Na kama safu zako ni nyembamba, usisawazishe kabisa, acha ukingo wa kulia uende utakavyo. Nami nashikilia hivyo hata kwa barua za ofisi.

Halafu kuna ile alama ya juu katika ng'ombe na ng'ambo. Kibodi inakupa alama iliyonyooka, lakini Word, ukiandika, huigeuza kuwa iliyopinda. Kwa jicho ni jambo dogo. Kwa kompyuta hizo ni alama mbili tofauti zenye namba mbili tofauti, na kuna programu ambazo ukitafuta neno kwa alama moja hazitakuonyesha yaliyoandikwa kwa nyingine. Anayepanga orodha ya majina ya wanachama wenye ng' katika majina yao achague aina moja na aishikilie hadi mwisho. Washairi nao wajihadhari: ukilifupisha neno mwanzoni, kama 'mekuja badala ya umekuja, Word hudhani unafungua alama za usemi na kuipindua alama upande usiofaa. Itazame kabla hujatuma mswada.

Namba hizo za herufi ndizo mfumo uitwao Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Kusudi lake ni kuipa kila herufi ya kila mwandiko namba yake. Fonti ikikosa mchoro wa namba fulani, unaona kiboksi kitupu. Wanaofanya kazi na tenzi za Lamu, Mombasa na Unguja zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu wanavijua viboksi hivyo, maana sauti za p, ch na v huandikwa kwa herufi zenye nukta tatu ambazo Kiarabu cha kawaida hakina, na si kila fonti ya Kiarabu inazo. Google walitengeneza familia ya fonti za Noto kwa nia ya kuviondoa viboksi duniani kote, na zinapatikana bure.

Tuingie kwenye picha. Picha ya simu si maelekezo ya kuchora; ni vigae vya rangi vilivyohesabiwa, viitwavyo pikseli. Ukisikia nukta 300 kwa inchi, maana yake kila inchi ya karatasi igawiwe pikseli 300 za picha hiyo. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 inahitaji pikseli kama 413 kwa 531, kiasi ambacho simu yoyote ya leo inacho. Lakini mteja analeta nembo ya kikundi chao, ameipata kwenye WhatsApp, ina upana wa pikseli 1,200, naye anataka bango la mita 3. Mita 3 ni inchi 118. Gawanya: pikseli 10 kwa inchi. Kila kigae kitaonekana kwa macho. Kweli bango hutazamwa kwa mbali na halihitaji 300, lakini 10 ni chache mno kwa nembo yenye maandishi. Kubadilisha namba kwenye kisanduku kutoka 72 kwenda 300 hakuongezi kitu, kunapunguza tu ukubwa wa karatasi ambayo pikseli zilezile zitajaza. Kikundi kinapolipa mchoraji wa nembo, kidai faili la asili lililochorwa kwa mistari, yaani la vekta, lenye ncha kama SVG, AI au EPS, na likabidhiwe kwa katibu alitunze. Hilo ndilo mali yenu. Picha ya WhatsApp ni kivuli chake.

Rangi nitazipitia haraka. Skrini huchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Printa huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Kuna kijani kinachong'aa cha skrini ambacho wino hauna uwezo wa kukifikia, hata printa iwe ghali kiasi gani. Kama rangi ya sare au ya nembo ina umuhimu, lipia nakala moja ya majaribio kwanza.

Na printa zenyewe ni za aina mbili kubwa. Ya wino hurusha matone madogo sana kwenye karatasi. Ya leza hutumia tona, ambayo ni unga laini wenye plastiki ndani yake. Unga huvutwa na umeme kwenye roli, ukapakwa karatasini, kisha ukayeyushwa kwa joto la nyuzi karibu 200. Ndiyo maana karatasi hutoka ikiwa ya moto, na ndiyo maana usiingize kamwe plastiki ya kawaida kwenye mashine ya leza, itayeyukia ndani. Barua ya leza ikinyeshewa wakati wa masika, maandishi hubaki. Ya wino wa bei nafuu mara nyingi husambaa. Cheti, mkataba, hati ya shamba: omba leza.

Wanaouziwa katriji wajue pia namba ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi. Hupimwa kwa ukurasa wa barua ambao wino umefunika takriban asilimia 5 tu. Ukurasa uliojaa picha hufunika mara kumi ya hapo na zaidi, kwa hiyo bei ya juu ya kurasa za rangi ina sababu ya kweli.

Karatasi. Huku kwetu tunatumia A4, milimita 210 kwa 297. Marekani wanatumia Letter, ambayo ni pana kwa milimita 6 hivi na fupi kwa milimita 18. Violezo vingi vya CV na vyeti vinavyopakuliwa mitandaoni ni vya Letter, na vikifika kwenye A4 kingo zinakatika au nafasi ya chini inabaki wazi. Badilisha kuwa A4 kabla hujaandika neno la kwanza, kwa sababu ukibadilisha mwishoni kila kitu kitahama. Mfumo huu wa A ulipangwa na Mjerumani Walter Porstmann na kuwa kiwango cha Ujerumani mwaka 1922. A0 ina eneo la mita moja ya mraba. Ikunje katikati mara moja upate A1, endelea hivyo hadi A4, ambayo ni sehemu ya 16. Karatasi ya gramu 80 ina maana mita moja ya mraba ina uzito wa gramu 80, kwa hiyo karatasi moja ya A4 ni gramu 5 na rimu ya karatasi 500 ni kilo 2 na nusu. Ukiuziwa rimu ya gramu 80, iweke kwenye mizani. Ikisoma kilo 2 na robo, umeuziwa gramu 72 au karatasi zimepungua.

Likifika dirisha la kuchapa, yako machaguo manne ya kuyatazama. La kwanza ni ukubwa: kuna kutoshesha ukurasa na kuna ukubwa halisi. Kutoshesha hupunguza kidogo ili kingo zisikatwe, na kwa barua hakuna madhara. Fundi cherehani aliyepakua ramani ya gauni achague ukubwa halisi, kisha apime kile kisanduku cha majaribio kilichochorwa pembeni kabla hajagusa kitambaa. La pili ni kuchapa pande mbili, na hapo utaulizwa ugeuze ukingo mrefu au mfupi. Ukurasa uliosimama, unaofunguliwa kama kitabu, ni ukingo mrefu. Kijitabu cha ratiba ya harusi au ya mazishi, ambapo A4 imelazwa na kukunjwa katikati, ni ukingo mfupi. Ukikosea, nyuma kutasomeka kichwa chini. Na kijitabu hicho kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4, maana kila karatasi iliyokunjwa inazaa kurasa nne. La tatu ni mpangilio wa nakala. Mwalimu mwenye mtihani wa kurasa nne na wanafunzi 30 achague nakala zilizopangwa, zitoke moja, mbili, tatu, nne, kisha moja tena. Asipochagua atapata rundo la ukurasa wa kwanza 30, na kazi ya kupanga usiku. La nne ni nyeusi tupu badala ya rangi. Na ukibofya mara moja printa isiitike, usibofye tena, tazama kwanza foleni ya kazi, kwa sababu maombi yako yote yanasubiri humo.

Mwalimu niliyemtaja nina neno jingine naye. Darasani mwake huenda kuna mtoto mwenye uoni hafifu, kama walivyo watoto wengi wenye ualbino, anayesogeza karatasi hadi puani. Baraza la Mitihani la Tanzania huwakuzia maandishi watahiniwa wa namba hiyo katika mitihani ya taifa, lakini majaribio ya kila mwezi yanachapwa shuleni au steshenari, na hapo hakuna anayekumbuka. Karatasi za A zimepangwa kwa namna ambayo A3 ina umbo lilelile la A4, imekuzwa kwa asilimia 141. Mtihani ulioandikwa kwa pointi 12 ukikuzwa hivyo unakuwa karibu pointi 17, hakuna mstari unaohama, na namba za maswali zinabaki pale zilipo kwa wenzake. Mwambie mhudumu: nitolee kopi moja, kutoka A4 kwenda A3, asilimia 141. Mashine nyingi za fotokopi zina kitufe cha hilo tayari.